Majimbo, Ugatuzi na Kufuli la Katiba: Mombasa Iko Wapi?

Kila uchaguzi unapokaribia, neno majimbo, yaani mfumo wa shirikisho, hurudi kwenye mabaraza ya Mombasa. Wako wanaolitaja kwa matumaini na wako wanaolitaja kwa hofu, na mara nyingi wanaobishana hawazungumzii jambo moja. Huyu anakusudia pesa za bandari zibaki Pwani. Yule anakusudia kazi ziwe za wenyeji kwanza. Wa tatu anakumbuka vita vya Likoni vya 1997 na hataki hata kulisikia. Kila mmoja ana hoja yake, lakini swali lenyewe hubaki pale pale: shirikisho ni nini, dola la umoja ni nini, na Kenya ya Katiba ya 2010 imekaa upande gani?

Nitoe msimamo wangu mapema. Jina la mfumo lina uzito mdogo kuliko mambo yaliyo chini yake: nani anaweza kubadilisha mgawanyo wa mamlaka bila kumuuliza mwenzake, nani anakusanya pesa, na nani anaajiri na kuamuru watumishi. Jimbo likikosa moja ya hayo litachechemea. Likikosa mawili litakufa, hata kama katiba imelitaja kwa kurasa mia.

Nani ana kiwanja

Wengi hudhani tofauti iko kwenye idadi ya serikali: dola la umoja lina serikali moja, shirikisho lina nyingi. Sivyo. Ufaransa ina mikoa, idara na manispaa zenye mabaraza yaliyochaguliwa na wananchi, na tangu mageuzi ya 1982 mabaraza hayo yamepewa kazi nyingi. Bado ni dola la umoja, kwa sababu kazi hizo yamepewa na bunge la taifa, na bunge hilo hilo laweza kuzipunguza au kuzipanga upya.

Sisi Mombasa tunalo jambo linalolieleza hili vizuri: nyumba bila ardhi. Mtu ana nyumba yake, anaipangisha, anaiuza, anairithisha wanawe, lakini kiwanja ni cha mwingine na kodi ya ardhi hulipwa kila mwezi. Mambo yakiwa shwari huwezi kuona tofauti kati yake na jirani mwenye hati. Tofauti huonekana siku mwenye kiwanja anapobadili nia. Serikali ya mkoa katika dola la umoja ni nyumba bila ardhi. Katika shirikisho, jimbo lina hati yake.

Mfano ulio wazi kabisa ni Ireland Kaskazini, sehemu ya Ufalme wa Muungano wa Uingereza. Ilikuwa na bunge lake, Stormont, tangu 1921, lenye waziri mkuu na baraza la mawaziri. Machi 1972 London ilikisimamisha chombo hicho kwa sheria ya kawaida, na 1973 ikakifuta. Nusu karne ya serikali ikaondoka bila jimbo kuombwa ridhaa. Marekani, kwa upande wa pili, mgawanyo wa mamlaka kati ya taifa na majimbo haubadiliki ila theluthi mbili za kila baraza la Kongresi zikubali, kisha majimbo 38 kati ya 50 yaridhie. Uswisi marekebisho ya katiba yanahitaji kura nyingi za wananchi wote na pia kura nyingi za kantoni. Ujerumani imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 79(3) cha katiba yake kinakataza kabisa kuondoa mgawanyo wa nchi katika majimbo, hata kama kila mbunge angepiga kura ya ndiyo.

Ila majina yanaweza kudanganya. India huhesabiwa miongoni mwa mashirikisho makubwa duniani, lakini kifungu cha 3 cha katiba yake kinaliruhusu bunge la taifa kuunda jimbo, kulipunguza au kulibadilisha mipaka kwa kura nyingi za kawaida. Maoni ya jimbo husikilizwa, lakini hayalifungi bunge. Agosti 2019 jimbo la Jammu na Kashmir liligawanywa vipande viwili na kushushwa hadhi kuwa maeneo yanayosimamiwa na serikali kuu. Kwa hiyo ukiambiwa nchi fulani ni shirikisho, usiridhike na jina. Uliza kufuli liko wapi na funguo anazo nani.

Kuna sharti jingine ambalo halitajwi sana, nalo ni la msingi: shirikisho linahitaji chombo cha tatu kisicho upande wowote. Eritrea iliunganishwa na Ethiopia kwa mfumo wa shirikisho mwaka 1952, kwa azimio la Umoja wa Mataifa, ikiwa na bunge na bendera yake. Lakini hakukuwa na serikali ya shirikisho iliyo mbali na serikali ya Mfalme Haile Selassie. Upande mmoja wa mkataba ndio uliokuwa mwamuzi wa mkataba. Miaka kumi baadaye, 1962, shirikisho likafutwa na Eritrea ikawa mkoa. Vita vilivyofuata vilichukua takriban miaka thelathini, hadi uhuru wa 1993.

Ndiyo maana mjadala wa jirani zetu wa Tanzania kuhusu serikali mbili au tatu si ubishi wa hesabu. Tangu Muungano wa 26 Aprili 1964, Zanzibar imekuwa na rais wake, serikali yake na, tangu 1980, Baraza la Wawakilishi. Tanganyika haina, mambo ya bara yanaendeshwa na Serikali ya Muungano yenyewe. Mambo ya Muungano yalianza yakiwa 11, leo orodha ina 22. Mzanzibari anayelalamika anasema: ninayeshindana naye ndiye refa. Tume ya Mabadiliko ya Katiba ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu katika rasimu yake ya pili, Desemba 2013. Bunge Maalumu la Katiba likarudisha serikali mbili mwaka 2014, na kura ya maoni kuhusu katiba hiyo iliyopendekezwa haijapigwa. Hofu ya upande wa serikali mbili nayo ina msingi wake: serikali ya Tanganyika ingebeba sehemu kubwa mno ya watu na uchumi, na Serikali ya Muungano ingebaki juu yake bila vyanzo vya mapato vya kutosha. Shirikisho la wabia wawili, mmoja mkubwa mara nyingi kuliko mwenzake, ni gumu kulisawazisha kwa mfumo wowote.

Jimbo lililoishi mwaka mmoja

Pwani ina sababu ya kulitazama suala hili kwa jicho lake. Kwa mkataba wa 14 Desemba 1895, Mwambao, ukanda wa maili kumi, uliwekwa chini ya utawala wa Uingereza huku ukibaki mali ya Sultani wa Zanzibar, aliyelipwa kodi kila mwaka. Bara ilipotangazwa kuwa koloni mwaka 1920, ukanda huu ukabaki himaya, yaani nchi iliyo chini ya ulinzi tu. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza hatima yake, naye akapendekeza uunganishwe na Kenya. Wapo waliotaka Mwambao ujitenge, na wapo waliotaka kinga ndani ya Kenya. Kwa makubaliano ya 8 Oktoba 1963 Sultani aliachilia haki zake, na Jomo Kenyatta akatoa ahadi kwa Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte: mahakama za kadhi zitahifadhiwa, na hati za ardhi zilizosajiliwa zitatambuliwa.

Kinga ya pili ilikuwa majimbo. Chama cha KADU, kikiongozwa na Ronald Ngala wa Pwani, kilidai mfumo huo kwa hofu kwamba jamii ndogo zingemezwa na zile kubwa zilizokuwa katika chama cha KANU. Katiba ya uhuru ikaunda majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, kila jimbo na baraza lake. Ngala mwenyewe akawa rais wa baraza la jimbo la Pwani. Juu yao kukawa na Seneti ya wajumbe 41.

Kufuli la katiba hiyo lilikuwa zito kulifungua. Vifungu vilivyolindwa zaidi, vikiwemo vya majimbo, vilihitaji asilimia 75 ya baraza la chini la Bunge na asilimia 90 ya Seneti. Piga hesabu: asilimia 90 ya 41 ni kura 37. Maseneta watano tu wangesema la, jambo limekwama. Kwenye karatasi, majimbo ya 1963 yalilindwa kuliko majimbo ya India yanavyolindwa leo.

Yalikufaje basi? Hapa ndipo penye funzo kubwa, na inasikitisha kwamba halifundishwi vya kutosha. Kufuli halikuvunjwa. Kwanza, kodi kubwa zilibaki kwa serikali kuu, na mabaraza ya majimbo yakategemea ruzuku. Pili, watumishi na idara zilizopaswa kuhamishiwa majimboni zilihamishwa polepole au hazikuhamishwa kabisa. Baraza likawa na mamlaka ya kisheria juu ya kazi ambazo wafanyakazi wake hupokea amri na mshahara Nairobi. Mkono mtupu haulambwi. Mbunge wa upinzani aliyetaka shule au barabara aliona upesi mlango ulipo, na wabunge wakaanza kuhamia KANU mmoja mmoja. Novemba 1964 KADU ikajivunja yenyewe. Maseneta watano waliohitajika kulinda kufuli hawakuwepo tena.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tarehe 12 Desemba 1964 Kenya ikawa jamhuri na majimbo yakanyang'anywa mamlaka na vyanzo vyake. Mwaka 1965 kiwango cha kubadilisha katiba kikashushwa hadi asilimia 65. Mwishoni mwa 1966 Seneti ikaunganishwa na baraza la chini. Kufikia 1968 hata mabaraza ya mikoa yaliyobaki kama kivuli yalikuwa yamefutwa, na mkuu wa mkoa aliyeteuliwa na rais ndiye aliyekuwa serikali Mombasa.

Sasa tazama mahakama za kadhi. Ziliahidiwa mwaka ule ule, katika mazingira yale yale, na zipo hadi leo katika kifungu cha 170. Tofauti yake na jimbo ni kwamba kadhi aliwekwa ndani ya idara ya mahakama ya taifa, analipwa kutoka mfuko wa taifa, wala hakuhitaji ruzuku ya kila mwaka ili kazi yake iendelee. Ahadi iliyopata bajeti na watumishi iliishi. Ile iliyopata vifungu vingi bila mfuko haikuufikisha mwaka wa pili.

Uganda ilipita njia hiyo hiyo kwa ukali zaidi. Katiba ya 1962 iliupa ufalme wa Buganda uhusiano wa kishirikisho. 1966 Milton Obote alipindua mpango huo kwa nguvu, mfalme wake, Kabaka Mutesa II, akakimbilia uhamishoni, na katiba ya 1967 ikafuta falme. Watu wa Buganda bado wanadai federo, yaani shirikisho. Komoro, ambako wengi wetu tuna jamaa, walijaribu kutibu ugonjwa kwa njia nyingine: baada ya Nzwani kujitangazia kujitenga mwaka 1997, katiba ya 2001 ilikipa kila kisiwa rais wake na kuuzungusha urais wa Muungano kati ya Ngazija, Nzwani na Mwali. Marais wanne kwa visiwa vitatu vyenye uchumi mdogo ni mzigo mzito, na ugomvi ukahamia kwenye forodha na mapato ya bandari: nani akusanye, nani agawe. Machi 2008 jeshi, likisaidiwa na Umoja wa Afrika, liliingia Nzwani kumwondoa kiongozi aliyekaidi. Marekebisho ya 2009 na 2018 yakarudisha mamlaka mengi kwa serikali kuu.

Maana iliyopotoshwa

Lazima niseme jambo hapa waziwazi. Katika miaka ya 1990 wanasiasa walilitwaa neno majimbo na kulipa maana nyingine: kila kabila na kwao. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa, na watu walioitwa wa bara wakashambuliwa na kufukuzwa makwao. Waliokufa walikuwa majirani zetu. Mfumo wa shirikisho hauna uhusiano wowote na jambo hilo. Mmarekani wa Texas akihamia California hahitaji kibali, na akishakaa huko ana haki sawa na mkaazi mwingine. Kenya, kifungu cha 39 kinampa kila raia haki ya kuingia, kuishi na kukaa popote nchini. Anayeuza majimbo kwa ahadi ya kumwondoa jirani anauza kitu ambacho hakimo katika shirikisho lolote la kidemokrasia. Tena kila jimbo lina wachache wake. Ukigawa Kenya vipande kumi, kila kipande kitazaa wachache wapya wenye malalamiko yale yale ya zamani.

Tulicho nacho tangu 2010

Katiba iliyozinduliwa 27 Agosti 2010 haitumii neno shirikisho. Kifungu cha 6 kinagawa nchi katika kaunti 47 na kusema serikali za ngazi mbili ni tofauti na zinategemeana, zikiendesha uhusiano wao kwa kushauriana na kushirikiana. Lugha hiyo inafanana sana na katiba ya Afrika Kusini. Ugatuzi huu, yaani kuzigawia kaunti mamlaka, ni kitu cha kati. Tuupime.

Kufuli lipo. Kwa kifungu cha 255, kubadilisha malengo, kanuni na muundo wa ugatuzi kunahitaji kura ya maoni ambamo angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa katika kila kaunti, kwa angalau nusu ya kaunti, wamejitokeza, na kura nyingi za ndiyo zimepatikana. Kaunti ya Mombasa haiwezi kufutwa na Bunge kama Stormont. Kwa hiyo si nyumba bila ardhi. Hiki ni kitu ambacho Ngala hakukipata: mwenye funguo sasa ni mpiga kura, si chama kinachoweza kununuliwa au kuchoshwa.

Lakini kwa vipimo vingine Kenya inabaki dola la umoja. Kazi ambayo katiba haikuitaja popote ni ya serikali ya kitaifa, kifungu cha 186(3). Marekani na Ujerumani ni kinyume, ingawa Kanada ni kama sisi. Polisi ni mmoja. Mahakama ni za taifa. Kaunti haina katiba yake. Na mtandao wa utawala wa mikoa haukuondoka. Katiba iliagiza upangwe upya ndani ya miaka mitano ili uheshimu ugatuzi. Ulipangwa upya kwa sheria ya 2013, na leo Mombasa ina gavana aliyechaguliwa na kamishna wa kaunti aliyeteuliwa, huyu wa pili akiwa na manaibu, machifu na wasaidizi wao hadi mtaani. Chifu si mtumishi wa gavana. Anayekwenda kwa chifu kulalamikia taka amekosea mlango, na anayekwenda kwa mwakilishi wadi kulalamikia kitambulisho naye amekosea.

Orodha ya nani anafanya nini iko kwenye Jedwali la Nne la Katiba, na inafaa kila mkaazi awe nayo. Kaunti ina hospitali na zahanati zake, ambulensi, zimamoto, taka, mitaro ya maji ya mvua, masoko, leseni za biashara, maegesho, taa za barabarani, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Taifa lina polisi, uhamiaji, shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu, reli, uongozaji wa meli baharini na sera za afya.

Inasomeka vizuri, lakini mishono ndiyo inayofumuka. Ndani ya ua mmoja wa shule, mwalimu wa chekechea ni wa kaunti na mwalimu wa gredi ya kwanza ni wa tume ya taifa ya walimu. Choo kikiharibika, kila upande unaweza kusema ni cha mwenzake. Maji ya Mombasa yanatoka chemchemi za Mzima kule Taita Taveta, Marere na Tiwi kule Kwale, na Baricho kule Kilifi. Mabomba makubwa ni ya wakala wa taifa, usambazaji mjini ni wa kampuni ya kaunti, na chanzo kiko kwenye ardhi ya kaunti tatu nyingine zinazodai haki yao. Bomba likikauka Kisauni, deni na lawama hupita mikono mitatu kabla ya fundi kutumwa. Feri nazo: Jedwali linazitaja feri na bandari chini ya uchukuzi wa kaunti, isipokuwa udhibiti wa meli za kitaifa na kimataifa, lakini vyombo vya Likoni vinaendeshwa na shirika la taifa. Mwenye hoja ya kisheria anayo, ila mwenye vyombo, mafundi na bajeti ya mafuta ni mwingine.

Afya ndiyo iliyotuumiza zaidi. Mkataba wa mishahara ya madaktari ulitiwa saini na wizara ya taifa Juni 2013, miezi ile ile ambayo madaktari walikuwa wakihamishiwa kaunti. Aliyesaini si aliyetakiwa kulipa. Matokeo yake ni mgomo wa siku 100, kuanzia 5 Desemba 2016. Kosa hili lina kanuni yake, na hutokea katika mashirikisho yote: ngazi moja ikiamua gharama na nyingine ikibeba, huduma husimama.

Safari ya shilingi

Kifungu cha 209 kinaipa serikali ya kitaifa kodi nne nzito: ya mapato, ya ongezeko la thamani, ya forodha na ya bidhaa. Kaunti imepewa kodi ya majengo na ardhi, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa. Kwa hiyo kaunti nyingi huishi kwa mgao.

Mgao unapita hivi. Tume ya Ugavi wa Mapato inapendekeza. Hazina Kuu inapeleka taarifa ya sera ya bajeti Bungeni kufikia 15 Februari. Miswada miwili, wa kugawa mapato kati ya ngazi mbili na wa kugawa kati ya kaunti 47, inatakiwa kuwasilishwa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili. Baada ya sheria kupita, Msimamizi wa Bajeti anaidhinisha kila utoaji, na pesa huingia kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti ulio Benki Kuu.

Pa kukwama ni pengi. Katiba inasema mgao usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini hesabu hiyo hutumia mapato yaliyokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Ukaguzi ukichelewa miaka kadhaa, asilimia 15 ya mapato ya zamani ni sehemu ndogo zaidi ya mapato ya leo. Mabaraza mawili ya Bunge, yaani Bunge la Kitaifa na Seneti iliyorudishwa na Katiba ya 2010, yakivutana, mswada hukwama. Mahakama ya Juu imelazimika kutoa ushauri kuhusu mvutano huo mwaka 2013 na tena 2020. Kisha huja ucheleweshaji. Kifungu cha 219 kinataka pesa zifike bila kuchelewa pasipo sababu, lakini zikichelewa miezi miwili au mitatu hakuna adhabu ya moja kwa moja kwa anayechelewesha. Kaunti haiwezi kukopa ovyo kuziba pengo, maana mkopo unahitaji dhamana ya serikali ya kitaifa na idhini ya bunge la kaunti. Mishahara huchelewa, madeni ya wanakandarasi hulimbikizana, na pesa za maendeleo zikifika Juni haziwezi kutumika vizuri kabla ya mwaka kufungwa. Kwa mtazamo wangu hili ni udhaifu mkubwa kuliko ukosefu wa neno shirikisho, kwa sababu ni njia ile ile iliyotumika 1964.

Fomula nayo ni siasa. Ya kwanza iliweka asilimia 45 kwa idadi ya watu na 8 kwa ukubwa wa ardhi. Ya tatu, iliyopitishwa Septemba 2020 baada ya Seneti kukwama mara kwa mara, iliweka 18 kwa idadi ya watu, 17 kwa afya, 10 kwa kilimo, 5 kwa huduma za miji, 14 kwa umaskini, 8 kwa ardhi, 8 kwa barabara na 20 kwa mgao wa msingi. Mombasa, yenye watu 1,208,333 kwa sensa ya 2019 katika eneo la takriban kilomita za mraba 220, kwa fomula hiyo ilipata kidogo kwenye ardhi na kilimo. Tana River, yenye watu 315,943 katika zaidi ya kilomita za mraba 35,000, hali yake ilikuwa kinyume. Mwakilishi wa Pwani anayesema kwa jina la Pwani nzima kuhusu fomula hawezi kuwa mkweli kwa wote wawili.

Na bandari? Ukweli hapa haupendezi. Ushuru wa forodha unaokusanywa Kilindini hulipwa na mnunuzi wa mwisho, awe Kisumu au Garissa, wala mashirikisho makubwa hayaachii majimbo ushuru huo. Katiba ya Marekani inayakataza kabisa majimbo kutoza ushuru wa bidhaa za kutoka nje bila idhini ya Kongresi. Kenya pia iko ndani ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki tangu 2005. Anayeahidi forodha chini ya majimbo anaahidi asichoweza kupewa. Lakini kuna madai yenye msingi: kodi ya ardhi kubwa inayokaliwa na mashirika ya taifa, fidia kwa barabara zinazochakazwa na malori, na sehemu ya faida ya uendeshaji. Mfano wa kuiga upo. Sheria ya Madini ya 2016 inatoa asilimia 70 ya mrabaha, yaani ada anayolipa mchimbaji, kwa taifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Nigeria, katiba ya 1999 inarudisha angalau asilimia 13 ya mapato ya mafuta kwa majimbo yanakotoka. Kwa bandari, Kenya haina sheria ya namna hiyo, na kuitunga hakuhitaji kura ya maoni.

Anayetaka shirikisho kamili

Njia ipo, na ni ndefu. Kwa kifungu cha 257 wananchi wanahitaji saini za wapiga kura milioni moja. Tume ya uchaguzi inazihakiki, kisha mswada unapelekwa kwa kila bunge la kaunti, lililo na miezi mitatu ya kuujadili. Ukipita katika mabunge mengi ya kaunti, yaani 24, unakwenda Bungeni, na kwa kuwa unagusa ugatuzi lazima ufike kura ya maoni. Anayeuandika atalazimika kugusa kifungu cha 186 ili kazi zisizotajwa ziwe za majimbo, cha 209 ili majimbo yapate kodi moja nzito ya kwao, cha 219 ili pesa ziende zenyewe bila kusubiri kalamu ya Hazina, na vifungu vya polisi. Atalazimika pia kuamua kama kaunti 47 zinabaki au zinaunganishwa, na hapo ndipo magavana na wawakilishi wadi wengi watakapoukimbia mswada.

Kaunti za Pwani ni sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Hata zikikubaliana zote, zitahitaji kumi na nane zaidi, na zote hizo zitatoka bara.